Kitambaa cha Manjano cha Faleavai

Wizara ya Madimbwi, Chemchemi na Unyevunyevu ina furaha kubwa kuutangazia umma wa Samoa kwamba Mradi wa Kulinda Ardhi Oevu ya Faleavai umefanikiwa kupita matarajio. Wizara inatangaza pia kwamba wageni wote wanaofika makao makuu mjini Apia, wakiwemo mabalozi, wanaombwa kuinama wanapoingia mlangoni. Wenye maumivu ya mgongo watumie mlango wa jikoni.

Nimeagizwa kueleza jinsi mambo haya mawili yanavyohusiana.

Mimi naitwa Sapati Leuma, Afisa Mwandamizi wa Itifaki na Taarifa Njema. Taarifa mbaya nazo zina nafasi yake wizarani, ila haijawahi kupata mtu. Nimehudumu chini ya mawaziri kadhaa na wote waliondoka wakiamini kwamba wamefanya kazi nzuri. Hilo halikutokea lenyewe.

Mradi ulianza pale wafadhili wa ng'ambo walipotupa fedha za kurudisha usafi kwenye maji yaliyochafuka. Mkurugenzi wetu wa Utafiti, Daktari Solomona Vaelua, aliyesoma miaka mingi Auckland na kurudi na miwani ya aina mbili, alichagua kijiji cha Faleavai. Sababu za kitaalamu zilikuwa nyingi. Kuna barabara ya lami, kuna upepo, na ukikaa vizuri unaiona bahari. Pia kuna kinamasi kikubwa cha mikoko, na kwenye ukingo wake chemchemi iliyozungushiwa mawe, ambamo kijiji kizima huchota maji ya kunywa upande wa juu na kuoga upande wa chini. Mimi mwenyewe nilijifunzia kuogelea mle. Shangazi yangu Fuatino alinitupa ndani akakaa pembeni kumenya magimbi.

Tukapima maji. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha, maana maji yalikuwa safi.

Mkurugenzi aliuliza kama chombo kimeharibika. Kikakaguliwa, kikaonekana kizima. Basi ubovu ulikuwa kwenye maji.

"Sapati, hawa watu wametuharibia mradi," aliniambia, akibadilisha miwani.

"Kwa kuwa na maji safi, bosi?"

"Sasa utarudishaje usafi kwenye kitu ambacho hakijawahi kuchafuka? Wafadhili watatuelewaje? Maji haya hayako tayari kwa utafiti. Inabidi yaandaliwe."

Kwanza ilibidi tupate mahali pa kujenga Kituo cha Utafiti. Hapo pana ugumu, kwa kuwa ardhi ya kijiji haiuzwi wala haipangishwi ovyo. Inakwenda na jina. Ukiwa na jina la umatai, yaani jina la mkuu wa ukoo, unapata kiwanja kinachoambatana nalo. Serikali haina ukoo. Mkurugenzi akalifikiria suala hilo, akaona njia iliyo rahisi ni yeye mwenyewe kupewa jina.

Faleavai walikuwa na jina lililokaa bila mtu, Lautogo, na kiwanja chake kilikuwa palepale kinamasini, juu kidogo ya chemchemi. Sherehe ilifana. Watu walikunywa ava, kinywaji chetu cha mizizi cha sherehe, nguruwe wakatoka kwenye tanuri la mawe, na Mzee Pesamino, mume wa shangazi yangu na msemaji wa baraza la matai, alisimama na fimbo yake akatoa hotuba iliyoanzia kwenye uumbaji.

"Jina hili si pambo," alimalizia. "Ukilivaa, umelivaa na zamu zake, na wajibu wake, na nyumba yake. Umesikia, Lautogo?"

"Nimesikia na nimepokea kwa moyo wote," alisema Mkurugenzi, huku akinikonyeza nipige picha.

Siku chache baadaye alikuwa na kadi mpya na bango la shaba lililosomeka NYUMBA YA MHESHIMIWA LAUTOGO DKT. SOLOMONA VAELUA. Bango lilifika kabla ya nyumba.

Ujenzi ulifuata misingi ya sayansi. Ili kulinda ardhi oevu, wataalamu wanahitaji mahali pakavu pa kukaa, kwa hiyo tulimwaga vifusi kwenye sehemu ya kinamasi. Ili kuchunguza mikoko wanahitaji kuiona vizuri, na mikoko ya mbele ilikuwa inaziba mikoko ya nyuma, kwa hiyo ile ya mbele ilikatwa. Bomba la vyoo tulilielekeza kinamasini, kwa kuwa vitabu vyote vinakubaliana kwamba mizizi ya mikoko husafisha maji. Ni kweli kwamba mizizi hiyo ndiyo tuliyokuwa tumeing'oa, lakini vitabu havikusema lazima iwepo.

Muda si mrefu maji yakabadilika rangi. Tulipima upya na matokeo yalitia moyo sana. Mkurugenzi aliiita hatua hiyo Hali ya Awali, tukaisherehekea kwa biskuti na kakao ya moto.

Kijijini hawakuwa na biskuti. Nilipopita kumwamkia shangazi yangu alinipa dafu.

"Maji hamna?" nilimuuliza kwa utani.

"Maji yapo. Kunywa wewe uliyesoma."

Sikunywa.

Hapa inabidi nieleze habari ya Kamati ya Akina Mama. Kila kijiji kwetu kina kamati hiyo, na ile ya Faleavai mwenyekiti wake ni Shangazi Fuatino. Akina mama huvaa sare zao, hupuliza filimbi, kisha hupita nyumba hadi nyumba wakikagua mikeka, vyandarua, masufuria na vyoo. Nyumba iliyoshindwa hufungwa kitambaa cha manjano, kikipita mlangoni kutoka nguzo hadi nguzo, chini kiasi kwamba kila anayeingia lazima ainame, hata mchungaji. Kitambaa hufunguliwa na Kamati peke yake, siku kosa likirekebishwa. Mtu mwingine akikitoa, kosa linahama na kwenda kukaa kwenye nyumba yake yeye, na kitambaa kinalifuata. Kila mtoto wa Faleavai anaijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Asubuhi moja filimbi ililia mbele ya Kituo.

"Habari ya kazi, mwanangu," alisema shangazi. Nyuma yake walisimama akina mama wa Kamati, wapana, wametulia.

"Nzuri, Shangazi. Ila hapa ofisini mimi ni Afisa Mwandamizi."

"Afisa Mwandamizi, lavalava yako umeivaa nje ndani. Tumekuja kukagua."

Nikaitazama shuka yangu ya kiunoni. Alikuwa amesema kweli.

"Ukaguzi wa taasisi ya serikali," nilisema kwa heshima, "huombwa kwa maandishi kupitia Katibu Mkuu, naye hulipeleka ombi kwenye Kitengo cha Ukaguzi, nacho..."

"Sapati. Bango hilo linasemaje?"

"Linasema nyumba ya Lautogo."

"Ni nyumba ya Lautogo au si nyumba ya Lautogo?"

Nikaliona shimo. Nikisema siyo, Wizara haina haki ya kukaa pale hata kwa nusu saa. Nikisema ndiyo, basi ndiyo.

"Ni nyumba ya Lautogo," nilisema.

"Basi fungua choo."

Nilifungua. Vyoo vyetu vilikuwa fahari ya Wizara, vyeupe, vinanukia limau, kila kimoja na ufunguo wake kwa ngazi ya cheo. Shangazi alivuta maji kwenye choo cha Mkurugenzi akasikiliza yanavyoondoka.

"Haya yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kwenye utafiti, Shangazi."

Akina mama wakatazamana. Kisha wakatoka nje na kulifuata bomba kwa miguu, wakipita kwenye vifusi na visiki vya mikoko, na mimi nyuma yao nikieleza malengo ya mradi. Bomba lilikwisha. Hatua chache mbele ilikuwepo chemchemi, na juu yake utando wa kijani uliotulia.

Shangazi Fuatino hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Lagi wangu ana vidonda miguu yote miwili," alisema. "Mjukuu wangu, yule unayemletea peremende. Anataka kuingia majini kama siku zote, mama yake anamfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba kama mwanambuzi. Sisi tunakwenda na ndoo kuomba maji kijiji cha pili. Sisi, Sapati! Walikuwa wanakuja wao kuomba kwetu."

Nilijisikia vibaya sana. Nalisema hapa kwa kuwa mpangilio wa taarifa za Wizara hauna mahali pa kulisema.

Mkurugenzi naye alitufikia akihema, kavaa miwani ya nje.

"Mama zangu, msiwe na wasiwasi. Hili ni jambo la kitaalamu. Maji haya yako kwenye Hali ya Awali."

"Awali ulikuwa ukisimama humu unaviona vidole vyako vya miguu," alisema shangazi.

"Hiyo ilikuwa kabla ya Awali."

"Alaa! Na Awali ni lini?"

"Ni pale tulipofika sisi."

Mama mmoja aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa filimbi, ikalia.

Kabla ya mchana nyumba ya Lautogo ilikuwa imefungwa kitambaa cha manjano mlangoni. Mkurugenzi aliitwa mbele ya baraza, akasema yeye ni Mkurugenzi wa Serikali na hafungwi vitambaa.

"Sawa kabisa, Mkurugenzi," alisema Mzee Pesamino kwa upole. "Ila Mkurugenzi hana kiwanja hapa. Mwenye kiwanja ni Lautogo. Ukiwa Mkurugenzi, beba nyumba yako uondoke nayo jioni hii. Ukiwa Lautogo, inama."

Mkurugenzi alifikiria bajeti, kisha akainama. Tangu hapo wataalamu wote walikuwa wakiingia kazini kwa kuinama, na daktari wetu mmoja wa vijidudu aliripoti kwamba mgongo wake umeimarika.

Tatizo likawa uzinduzi. Waziri wetu, Mheshimiwa Tuilagi Ropati, alikuwa anakuja kufungua Kituo pamoja na redio na gazeti. Naye si mtu wa kuinama. Aliinama sana wakati wa kampeni na akaona inatosha.

"Kitambaa kile kitolewe," alisema Mkurugenzi.

"Nani akitoe, bosi?"

Akamtazama dereva, dereva akatazama mawingu. Akamtazama mhasibu. Mhasibu alisema ana mama mkwe Faleavai. Hakuna aliyekuwa tayari kupeleka kosa la vyoo vya serikali nyumbani kwake.

Hapo mimi nikatoa wazo ambalo bado naliona la busara. Kwa kuwa hatukuweza kukiondoa kitambaa, tungekificha kati ya vitambaa vingine. Tukalipamba jengo zima kwa manjano, madirisha, nguzo, hata minazi. Ulikuwa hujui kipi ni aibu na kipi ni sherehe. Utepe rasmi wa kukatwa, wa manjano pia ili ufanane, niliufunga ndani, kwenye mlango wa maabara.

Waziri alifika. Bendi ikapiga, wimbo ukaimbwa, maombi yakaombwa, kijiji kizima kikakaa kivulini kikitazama. Nilimwona Lagi mapajani mwa bibi yake, miguu imepakwa dawa nyeupe hadi magotini. Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu wa Faleavai! Wizara hii si ofisi. Wizara hii ni nyumba yangu! Nalala naiota, naamka naiwaza. Aliyemo ndani ya Wizara yumo ndani ya nyumba yangu, na heshima yake ni heshima yangu!"

Makofi. Mwandishi wa redio alisogeza kinasa sauti karibu zaidi.

Kisha akashuka, akaelekea mlangoni kwa mwendo wa kupigwa picha, na mimi pembeni yake na mto mdogo wenye mkasi. Nilipanga kumwelekeza kushoto, aingilie upande wa stoo. Waziri hakuwa mtu wa stoo. Alifika mlangoni, akakuta kitambaa cha manjano kimepita mbele ya tumbo lake, akatabasamu.

"Mmeufunga chini mno," alisema, akanyoosha mkono.

Mwongozo wa Itifaki, ambao niliuandika mimi mwenyewe, uko wazi kabisa. Waziri akinyoosha mkono mbele ya kitambaa, mkono huo uwekewe mkasi, na asikatizwe kwa sababu yoyote. Hausemi kitambaa gani. Nilimtazama shangazi yangu. Shangazi yangu alikuwa ananitazama, na mkono wake ulikuwa umefunika magoti ya yule mtoto.

Nikamwekea mkasi.

Kitambaa kilikatika vizuri. Mkurugenzi alianza kupiga makofi, akagundua yuko peke yake, akapunguza mwendo, akaacha. Bendi ilikuwa imenyamaza katikati ya noti. Waziri aligeuka, tabasamu bado liko mahali pake.

"Kwani vipi?"

Mzee Pesamino alisimama, akaegemea fimbo yake. Alimweleza yote taratibu, bomba, chemchemi, kitambaa, kosa linavyohama. Hakuruka kitu.

"Lakini ni utepe!" alisema Waziri.

"Mheshimiwa, wewe ni matai kwenu. Kwenu mtu akikata kitambaa cha kamati ya akina mama inakuwaje?"

Waziri akashusha sauti. "Kwetu wanachoma nyumba."

"Sisi siku hizi hatuchomi. Tunakuja kufunga tu."

"Karibuni sana," alisema Waziri, akijaribu kucheka. "Ila kwangu ni mbali, kule juu milimani, na nina mbwa wakali."

"Huko hatuendi," alisema Shangazi Fuatino, akiinuka na mtoto begani. "Umesema nyumba yako ni Wizara. Tumesikia sote."

Mwandishi wa redio alirudisha mkanda nyuma, akaucheza. Wizara hii ni nyumba yangu. Sauti ilikuwa safi ajabu.

Wiki hiyohiyo akina mama waliteremka kwenye basi mbele ya makao makuu wakiimba. Hawakugombana na mtu. Waliunga kile kitambaa pale kilipokatwa, wakakifunga kwenye mlango mkuu, nguzo hadi nguzo, na shangazi akapima kimo kwa kiuno cha Waziri mwenyewe, ambaye alisimama wima kwa kazi hiyo kama anayeshonewa suti. Angefanyaje? Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na nusu ya akina mama wa jimbo lake wana dada zao Faleavai.

Siku zilizofuata zilikuwa za mafunzo. Balozi mmoja aliinama akadondosha kofia. Katibu Mkuu alikwama. Waziri alijaribu mlango wa jikoni, akakutana na mpigapicha wa gazeti ameketi juu ya gunia la magimbi akimsubiri. Wafanyakazi walianza kuulizwa na watoto wao nyumbani ni nani aliyechafua. Tuliunda kamati, nayo ikaunda kamati ndogo, na zote mbili zilipaswa kuinama ili kufika kikaoni, kwa hiyo vikao vilikuwa vifupi na vyenye matokeo.

Bomba lililochukua miezi kuidhinishwa liling'olewa kwa siku moja. Kituo kikabomolewa, vifusi vikazolewa. Lautogo Dkt. Solomona, kwa kuwa jina lake lina zamu kama majina mengine, alipangiwa kupanda mikoko. Nilimwona akiwa na matope hadi kwapani, miwani zote mbili shingoni, na Mzee Pesamino akimsimamia.

"Huo umeupanda kichwa chini, Lautogo."

"Samahani, mzee. Nimezoea kuiona kwenye picha."

Chemchemi ilijisafisha kidogo kidogo, ikisukuma uchafu wetu kuelekea baharini. Asubuhi moja shangazi alinipigia simu, akasema neno moja tu, "Vidole," akakata. Nilichukua basi. Nilipofika, Lagi alikuwa amesimama majini hadi magotini, ameinamisha kichwa, anavihesabu kwa sauti. Nilivua viatu nikaingia na sare yangu. Nililia, na nikasingizia jua.

Wafadhili walifurahi mno. Maji yalikuwa machafu, sasa ni safi, na hicho ndicho walichokilipia. Mkurugenzi ameandika makala kuhusu Hali ya Awali.

Basi likabaki jambo la kitambaa. Kamati ilikuja Apia kukifungua, kama sheria inavyosema. Wizara yote ilishuka na kusimama barazani. Waziri alivaa koti lake refu, tayari kuingia kwa mara ya kwanza akiwa amenyooka. Shangazi Fuatino alishika fundo. Kisha akasita, akatazama juu, ghorofa baada ya ghorofa.

"Mko wengi humu," alisema. "Vyoo viko wapi?"

"Kila ghorofa, Shangazi."

"Vinakwenda wapi?"

Nilimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alimtazama Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alimtazama Waziri wa Madimbwi, Chemchemi na Unyevunyevu, na Waziri akatazama viatu vyake. Nyuma ya jengo, kule chini kwenye mikoko ya mjini, ndege mmoja aliruka ghafla.

Shangazi aliliachia fundo, akatoa filimbi kifuani.

"Sapati, mwanangu. Fungua choo."